Kofia Ndani ya Kofia

Jumapili, Julai 1996. Kisumu Ndogo, Kibera.

Jua halijatoka leo. Kuna ule unyevu wa Julai ambao si mvua wala si ukungu, unakupata tu, na mabati yanatoa jasho kwa ndani mpaka linadondokea kitandani. Wasichana wangu wawili wamejifunika blanketi moja na wanavutana. Mume wangu, Baba Lilian, alitoka baada ya kanisa, hakusema anaenda wapi. Sijafungua meza yangu ya kuuzia omena, vile visamaki vidogo vya ziwani. Mikono ni safi tangu jana na haina kazi.

Hapana, si kweli. Kazi ipo. Ndiyo inayonitesa.

Wacha niandike, kwa sababu jana kila mtu aliongea isipokuwa mimi na Rose.

Kila mwaka baridi ikiingia huwa nafumia watu wa upande wa mume wangu kofia na skafu. Hakuna aliyenifundisha. Nilipokuja Nairobi niliokota kitambaa cha kochi kilichochanika, vile vya kroshia, nikakifumua polepole nikiangalia kila kitanzi kinavyotoka, kisha nikakirudisha. Nikafumua tena, nikarudisha tena, mpaka kitambaa kikawa cheusi kwa vidole vyangu. Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Na uzi sinunui dukani. Naenda soko la Toi kwenye mitumba, natafuta sweta za sufu zilizotoboka viwiko, nazifumua, naosha uzi, naufunga jiwe chini na kuutundika unyooke. Sweta moja ya mzungu mnene inatoa boshori tatu, zile kofia za kushuka mpaka masikioni, na skafu moja, na ukipanga vizuri inabaki ya soksi za mtoto. Hesabu hiyo sibahatishi.

Mwaka wa kwanza ilikuwa zawadi. Watu walishukuru mpaka nikaona haya. Mwaka uliofuata wakauliza mbona nimechelewa. Siku hizi Pamela, dada ya mume wangu, ananitumia ujumbe wa rangi anayotaka kabla hata baridi haijafika, kama mtu anayeagiza chai hotelini. Zawadi ikizoeleka inageuka kodi, na mimi ndiye ninayedaiwa. Hakuna hata mmoja amewahi kuniuliza mbona shingo yangu mwenyewe nimeifunga leso.

Lakini si hiyo iliyonileta hapa.

Rose ni mke wa ndugu mdogo wa mume wangu, wanakaa Kawangware. Tunaitana nyieka, kama wake wenza wanavyoitana kwetu, ingawa waume zetu ni wawili na hakuna tunayemgombania. Katika familia hii yote ni yeye tu anayejua sindano yangu ya kroshia ni ya chuma na iliwahi kuwa spoku ya baiskeli. Ni yeye tu aliyeuliza.

Mwaka jana, kwenye baridi kama hii, Rose alizaa mtoto wa kiume kabla ya wakati. Kwetu mtoto ambaye hajazaliwa haandaliwi nguo. Hanunuliwi, hashonewi, hafumiwi. Ukimwandalia, unamtangaza kwa wabaya kabla hajafika. Anazaliwa, analia, ndipo watu wanakimbia dukani. Sawa. Lakini ukifika hospitali, sista anakupokea mlangoni na swali moja: "Nguo za mtoto ziko wapi?" Rose hakuwa nazo. Mtoto akafungwa kwa koti la babake, na babake alikuwa ametembea kwenye mvua. Nililishika lile koti mimi mwenyewe. Lilikuwa zito.

Hakumaliza wiki.

Mama mkwe anasema mtoto aliitwa na wafu. Rose anasema ni baridi. Mimi si daktari na si mganga. Ninachojua ni kwamba hospitali inadai nguo, ukoo unakataza nguo, na katikati yao kuna mwanamke anayesukuma mtoto.

Mwaka huu mimba yake ilipoanza kuonekana alikuja hapa Kisumu Ndogo, akasimama mbele ya meza yangu kama mteja. Akachukua kisamaki kimoja, akakivunja kichwa, akakirudisha. Hakuna anayefanya hivyo kwa meza yangu.

"Nyieka," akasema, "huyu sitamfunga na koti."

Nikamwambia, "Unajua unaniomba nini?"

"Najua. Ndiyo maana sijamwomba mwingine."

Alitaka kofia na shali. Alitaka nizifiche kwangu, kwa sababu Mama angekuja kutoka nyumbani kungoja mjukuu, na Mama anapekua kila kitu mpaka chini ya godoro.

Nikapiga hesabu. Shali jembamba la kumzunguka mtoto mara mbili haliishi kwa wiki moja. Natoka sokoni jioni, nanawa kwa majivu na ndimu mpaka mikono isinuke samaki, maana uzi mweupe na omena havikai nyumba moja, kisha nafuma mpaka mafuta ya taa yaanze kulalamika. Nikingoja mtoto alie ndipo nianze, nitamaliza baridi ikiwa imeenda zake, na labda mtoto naye ameenda nayo. Nionyeshe mtu anayejua kujumlisha na kutoa ambaye angengoja.

Nikaanza.

Shali nililificha kwenye debe tupu la mafuta, chini ya kitanda. Kofia ndiyo ilikuja kuniua.

Mimi huwa napanga kofia zangu kama sufuria, ndogo ndani ya kubwa, ili zisilale na kupoteza umbo. Ni mazoea, mikono inafanya yenyewe. Ile kofia ya mtoto, ndogo kama chungwa, na kamba zake mbili za kufungia kidevuni, niliisukuma ndani kabisa ya boshori ya kahawia, ambapo wasichana wangu hawangeiona. Boshori ya kahawia ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Boshori ya kahawia ilikuwa ya Mama mkwe.

Jana tulienda Kawangware na zawadi zote kwenye juala moja la plastiki. Mama yuko huko tangu mwisho wa mwezi uliopita. Usiku analala kwa jirani, kwa sababu kwetu mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, lakini mchana kutwa anakaa kwa Rose akiangalia anachokula. Chai ilikuwa tayari, na mandazi. Hata sijakaa vizuri Pamela alikuwa ameshaingiza mkono kwenye juala.

"Mama Lilian, mimi nilisema maruni. Hii ni rangi ya ini!"

"Vaa ini lako unyamaze," Baba Lilian akamwambia, na watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Nakumbuka hivyo kwa sababu ndicho kicheko cha mwisho.

Pamela akavaa skafu yake, akazunguka ndani ya nyumba kama bibi harusi, akamkanyaga mtu. Kisha akatoa boshori ya kahawia.

"Hii ya Mama. Mama, lete kichwa."

Akamvalisha. Boshori ikakwama juu ya masikio. Akavuta, ikakataa.

"Aki Mama, kichwa kimekua! Ni haya mandazi ya Rose ama ni Mama Lilian amesahau kuhesabu?"

Mimi sisahau kuhesabu. Nilikasirika, nikafungua mdomo nimwambie hivyo, na hapo hapo nikakumbuka. Nikanyoosha mkono. Pamela alikuwa ameshaivua boshori na kuikung'uta, na ile kofia ndogo nyeupe ikaanguka mapajani pa Mama.

Pamela akabaki ameishika boshori hewani. Nje mtu alikuwa anagonga mabati kwa nyundo, na hata yeye akaacha.

Mama hakuigusa. Aliiangalia kama unavyoangalia kitu alichokiburuta paka ndani ya nyumba.

"Nyar Ugenya," akasema. Ndivyo anavyoniita, binti wa Ugenya, kwa jina la kwetu, na kwa kawaida ni jina la heshima. "Hii ni ya nani?"

Ningesema ni ya mwanasesere. Ningesema ni sampuli ya kuonyesha wateja. Leo nimeshapata majibu mengi mazuri.

"Si ya mwanasesere hii," Pamela akasema, taratibu sasa, bila mzaha. "Iko na kamba za kidevu."

"Ni ya nani?"

Nikamwangalia Rose. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya tumbo, macho kwenye saruji ya sakafu.

"Nimefuma mimi," nikasema. "Hakuna aliyenituma."

"Una wasichana wawili, na wote wanavaa viatu vya shule," Mama akasema. "Nani kwako ana kichwa cha ukubwa huu?"

Pamela akajibu kwa niaba yangu, akiwa ameangalia ukutani: "Kuna watu hawapati usingizi mwenzao akibeba kijana."

Hakuna anayejua kama ni kijana. Wameliangalia tumbo wakaamua. Na mimi ambaye nimezaa wasichana tupu, nimeshaamuliwa pia: nina kijicho. Mikono yangu iliyowafunika vichwa vyao miaka yote hii, kumbe ni ya kijicho.

Nilitaka Rose aseme neno moja. Na nilikuwa namwomba Mungu asiseme. Akisema, Mama yuko naye humo ndani asubuhi mpaka jioni. Akisema, na mtoto akapata hata kikohozi, watasema ndiye anayewamaliza wanawe, na amekiri kwa mdomo wake mwenyewe. Kwa hiyo nilinyamaza kwa ajili yake, na yeye akanyamaza kwa ajili yake mwenyewe. Hapo ndipo penye kidonda. Wote tulikuwa tunamlinda mtu mmoja.

"Ulivyoifunga, ifungue," Mama akasema. "Hapa. Mbele yangu."

Wakaniletea wembe. Mtu asiyefuma hawezi kujua hii ni adhabu gani. Mkia wa uzi nilikuwa nimeuzika ndani ya vitanzi kwa ustadi wangu wote, usionekane wala usikwaruze ngozi ya mtoto, na sasa nikaanza kuutafuta kama mwizi aliyesahau alikoficha. Nilihangaika. Kazi yangu nzuri ilinikatalia. Nilipoupata na kukata fundo, kofia yote ikaanza kukimbia yenyewe, mzunguko baada ya mzunguko, na uzi ukajaa mapajani pangu umejikunja kunja, unakumbuka bado kila kitanzi ulichotoka. Chai ilikuwa haijapoa.

"Kuna kingine?" Mama akauliza.

"Hakuna."

Ndiyo, nilidanganya. Nilidanganya mama mzima, mbele ya watoto wake, na shali liko chini ya kitanda changu.

"Basi hutakanyaga hapa mpaka mtoto alie," akasema. Kisha akaichukua boshori ya kahawia, akaivaa mwenyewe. Ilimkaa sawasawa. Sikukosea hesabu.

Tukaaga. Nilikuwa nimefika mlangoni Rose aliponijia na donge la uzi mkononi. Alikuwa ameuokota wote na kuuviringa vizuri, kwa kukaza, kama nilivyomwonyesha zamani.

"Mama Lilian, umesahau uzi wako."

Mama Lilian. Si nyieka. Lakini alipoliweka donge kwenye kiganja changu alinishika vidole juu yake, na akakaza mpaka nikasikia kucha zake.

Nimeugeuza ule mkono akilini tangu jana. Ni nisamehe? Au ni maliza shali?

Njiani Baba Lilian alisema jambo moja tu. "Si ungengoja."

Yeye koti lake halijawahi kufungiwa mtoto.

Sasa niko hapa na hesabu yangu. Mtoto akizaliwa mzima, watasema ni kwa sababu Mama alinifumulisha kwa wakati. Akizaliwa mgonjwa, watasema niliifumua nikiwa nimechelewa. Nikilifumua na shali, nitakuwa nimekubali kwamba mikono yangu ni mibaya, na Rose atabaki tena na koti. Nikilimaliza na mtu akaliona, sina mahali pa kuweka uso katika ukoo huu, na wasichana wangu watakulia ndani ya jina hilo. Nikienda kusema ukweli, namtupa Rose. Nimeipiga kutoka juu kwenda chini, nikaipiga kutoka chini kwenda juu. Kila mara jibu ni mimi.

Na kuna jambo ambalo singemwambia mtu. Leo alfajiri nilivuta debe, nikaingiza mkono, nikautoa kabla haujagusa uzi. Mimi pia naogopa. Naweza kuwacheka Pamela na Mama hapa ninapoandika, lakini Lilian na mdogo wake sikuwaandalia hata kitambaa. Niliwanunulia nguo wakiwa wameshalia, kama kila mtu, na wako hai, wanavutana blanketi. Ningejuaje si kwa sababu hiyo?

Halafu nakumbuka Lilian alizaliwa Februari. Februari hata ukimlaza mtoto kwenye gazeti anatoa jasho.

Nimelitoa shali nikalitandaza kitandani. Bado pindo la mwisho tu. Ni zuri. Naweza kusema hivyo kwa sababu hakuna mwingine atakayesema. Lilian akatoa kichwa kwenye blanketi.

"Mama, hiyo ni ya nani?"

"Ya nani nini? Ni uzi tu."

Nilisema hivyo kumfukuza. Akarudi chini ya blanketi. Lakini neno likabaki limesimama mbele yangu, na nilipoliangalia vizuri nikaona si uongo.

Anayefuma kwa kroshia anajua. Kila kitanzi kinashikwa na kinachofuata, na cha mwisho hakishikwi na chochote mpaka ukate uzi, uupitishe ndani yake, ukaze. Kabla ya hapo huna nguo. Una uzi uliokaa kwa mpangilio. Mtu akivuta ncha, kila kitu kinarudi kuwa donge, bila wembe, bila fundo, bila kuhangaika kama nilivyohangaika jana. Mama alisema ulivyoifunga, ifungue. Hili sijalifunga.

Basi nimenawa tena mikono, kwa ndimu, ingawa haikuwa na samaki. Nimechukua lile donge alilonirudishia Rose nikaunga uzi wake kwenye shali, umejikunja vile vile, na nimefuma pindo lote mchana huu nikiwa nimekaa karibu na mlango ambapo kuna mwanga. Uzi wa kofia umezunguka shali pande zote nne na umetosha. Umebaki kidogo, kama ngumi ya mtoto. Nilipofika kitanzi cha mwisho nikaacha.

Sikukata.

Nimetafuta kwenye kopo la vifungo nikapata pini ya nepi iliyokuwa ya Lilian, kubwa, ya kichwa cha buluu. Nimeichoma kwenye kile kitanzi nikaifunga, kisichoropoke. Donge linaning'inia bado. Shali na donge lake nimevirudisha kwenye debe, na juu yake nimeweka wembe uliofungwa kwa karatasi.

Mama akija hapa leo akapekua, nitamwonyesha mwenyewe. Nitamwambia ashike ncha avute, aone kama kuna nguo hapa. Sijamwandalia mtu kitu. Na siku mtoto atakapolia, wakati wengine wanakimbilia dukani, nitakata, nitapitisha, nitakaza. Ni kazi fupi kuliko kuchemsha maji ya kumwogeshea. Nitakuwa njiani kwenda Kawangware kabla Pamela hajapata viatu vyake. Mpaka mtoto alie, alisema Mama. Kipimo hicho alikiweka yeye mwenyewe, mbele ya mashahidi.

Na asipolia, basi nitavuta ncha. Nitavuta peke yangu, hapa, na hakuna atakayejua kulikuwa na nini.

Nadhani hii ndiyo njia. Nimeikagua kama ninavyokagua pindo, sijaona kilichoruka. Ila mahali pamoja. Kutoka kule kilio hakifiki hapa. Mtu lazima aje kuniambia, na Mama hatamtuma, na Pamela ndiyo kabisa. Ni Rose peke yake anayejua kuna debe chini ya kitanda changu, na Rose ndiye aliyeangalia saruji.

Giza linaanza kuingia na mabati yanadondosha. Baba Lilian hajarudi. Sijui ni siku ngapi zimebaki, hakuna anayejua, na mpaka hapo siwezi kwenda wala siwezi kutulia. Mimi na shali tumekaa hivyo hivyo, tumeshikwa na pini moja, tunasikiliza mlango.

Utatuma mtu, nyieka?